Nedelya: wiki ya Kirusi na mitego yake kwa aliyekulia na Jumatano

Jumatano, Alhamisi na Ijumaa hufuatana, na kwa Mswahili anayejifunza Kirusi siku zote tatu zina tano ndani yake. Jumatano ni ya tano kwa hesabu yetu inayoanzia Jumamosi. Alhamisi ni ya tano kwa Kiarabu, ambacho huanza kuhesabu Jumapili. Kisha darasani inaletwa pyatnitsa (пятница), neno lililotokana na pyat, yaani tano, na maana yake ni Ijumaa, kwa kuwa Warusi huanza na Jumatatu. Hesabu ni ileile, mianzo ndiyo mitatu, na anayepotea hapo hapotei kwa uvivu.

Kwenye podfak (подфак), ule mwaka wa lugha ambao mwanafunzi wa kigeni huupitia kabla ya kuanza shahada, kosa hili hujitokeza mapema na huchelewa kuondoka. Mwalimu anasema mtihani ni v chetverg (в четверг). Mwanafunzi anaisikia chetyre, nne, na akili inakimbilia Jumanne. Siku yenyewe ni Alhamisi, kwa hiyo atafika siku mbili kabla, akute mlango umefungwa, arudi bweni. Hasara si kubwa. Kubwa ni ile ya upande wa pili: anapotaka kusema Jumanne anatamka v chetverg, anapotaka Jumatano anatamka v pyatnitsu, na Mrusi aliyemwamini anakuja siku mbili baada ya wakati. Miadi ya daktari hupotea hivyo, na ya mwenye nyumba ya kupanga pia.

Dawa yake ni hesabu ndogo: toa mbili. Jumatatu ni tatu, toa mbili, ni siku ya kwanza kwao. Jumanne inabaki mbili, nayo ni vtornik (вторник), kutoka vtoroy, wa pili. Jumatano inabaki tatu. Alhamisi ingekuwa ya sita kwa mpango wetu wa Jumamosi, toa mbili ni nne, chetverg. Ijumaa ni ya saba, inabaki tano, pyatnitsa. Ukishaizoea hesabu hii kwa siku hizo tano za kazi, mbili za mwisho hazisumbui, kwa kuwa hazina namba ndani: subbota (суббота) ni Sabato iliyopitia Kigiriki, na voskresenye (воскресенье) tutaifikia.

Jumatano imeachwa bila namba. Jina lake ni sreda (среда), katikati. Ingeitwa ya tatu mpango ungekuwa mnyoofu, lakini Waslavi walipokea jina lenye maana ya katikati ya wiki, na Wajerumani nao wana Mittwoch kwa maana hiyohiyo. Ukianza kuhesabu Jumapili, Jumatano ni ya nne kati ya saba, ndiyo katikati kamili. Kwa hiyo ndani ya wiki moja ya Kirusi kuna majina yanayohesabu kutoka Jumatatu na jina moja linaloonekana kuhesabu kutoka Jumapili. Asiyependa vurugu hii na aangalie kwanza wiki yetu, yenye Jumatano na Alhamisi bega kwa bega, zote tano.

Sasa neno lenyewe. Nedelya (неделя) leo ni wiki. Zamani ilikuwa Jumapili. Limejengwa kwa ne, kikanushi, na mzizi wa delat (делать), kufanya: siku ya kutofanya kazi. Wengi wa wanaisimu huona hapo mkono wa lugha ya kanisa, tafsiri ya Kigiriki au Kilatini iliyoingia pamoja na Ukristo. Usilichanganye na delit (делить), kugawa. Kuna wanaoeleza kwamba nedelya ni kitu kisichogawanyika, na maelezo hayo yanavutia, lakini si asili yake.

Ushahidi umekaa wazi katika jina la Jumatatu. Ponedelnik (понедельник) ni po, baada ya, kisha nedelya, kisha kiishio cha nomino. Ukichukua nedelya kwa maana ya leo, siku ya kwanza inakuwa “siku ya baada ya wiki”, nayo haieleweki. Ukiichukua kwa maana ya kale, ni siku inayofuata Jumapili, na vtornik ni ya pili baada ya hiyo Jumapili. Majina yote yenye namba yamefungwa kwenye nguzo moja, na nguzo hiyo ni siku ya mapumziko iliyokuwa ikiitwa nedelya.

Siku moja ikawezaje kumeza siku saba? Kwa njia ambayo sisi wenyewe tunaitembea bila kuiona. Juma letu ni Ijumaa ya Kiarabu. Anayesema “majuma matatu yamepita” anahesabu Ijumaa tatu, hata kama ni Mkristo asiyewahi kukanyaga msikitini. Waslavi nao walihesabu Jumapili zilizopita, hadi jina la Jumapili likawa jina la nafasi kati ya Jumapili na Jumapili. Warusi walikuwa na neno jingine la wiki, sedmitsa (седмица), kutoka saba, lenye ujenzi uleule wa usbuu ya Kiarabu wanayoijua ndugu zetu wa Muscat na Dubai. Nedelya ililisukuma sedmitsa hadi kanisani, na huko ndiko liliko mpaka leo.

Siku iliyobaki bila jina ilipewa voskresenye, ufufuko. Kwanza neno hili lilikuwa la Pasaka, kisha polepole likawa la kila Jumapili. Hapa pana mtego wa maandishi unaowakamata hata wenyeji: siku ya Jumapili huandikwa воскресенье, kwa ь, na ufufuko wenyewe huandikwa воскресение, kwa и. Katika matamshi ya haraka tofauti karibu haisikiki. Kwenye tangazo la ibada au kadi ya Pasaka herufi hiyo moja hubadilisha maana, na mhariri hatakusamehe.

Kirusi ndicho kilichokwenda mbali kuliko majirani. Kwa Kiukraini nedilya (неділя) bado ni Jumapili, na wiki ni tyzhden (тиждень). Kwa Kipolandi niedziela ni Jumapili, wiki ni tydzień. Kwa Kibulgaria nedelya ni Jumapili na wiki ni sedmitsa. Kwa Kiserbia nedelja ni vyote viwili, na msikilizaji hutambua kwa muktadha. Hili si pambo la wasomi. Kizazi kizima cha Waafrika Mashariki kimesoma Kyiv na Kharkiv, miji ambayo lugha mbili hizi hukaa mdomo mmoja. Ukiambiwa u nedilyu kwa Kiukraini, ni Jumapili hii. Ukilisikia kwa sikio la Kirusi utadhani umetajiwa wiki, nawe ukakaa nyumbani Jumapili unayongojwa.

Ndani ya Urusi kwenyewe maana ya kale imebaki katika kalenda ya Kanisa la Kiorthodoksi. Humo Неделя yenye jina au namba ni Jumapili, na wiki ni седмица. Неделя ваий ni Jumapili ya Matawi. Неделя о блудном сыне ni Jumapili ya Mwana Mpotevu, ile ya maandalizi kabla ya Kwaresima. Wakati huohuo watu mitaani huita wiki ya mateso Страстная неделя, huku kasisi akiandika Страстная седмица, na wote wawili wana maana ya siku saba. Mtafsiri wa matini ya kanisa kwa Waorthodoksi wa Kenya au Uganda atazame kama kuna tarehe moja au tarehe saba pembeni mwa neno. Tarehe ikiwa moja, aandike Jumapili asibabaike.

Katika matumizi ya kila siku, kinachoangusha watu ni vihusishi, kwa kuwa Kiswahili kinatumia maneno machache mahali ambapo Kirusi hudai uchague. Siku hupewa v na uambishaji wa shamirisho: v ponedelnik, vo vtornik, v sredu, v chetverg, v pyatnitsu, v subbotu, v voskresenye. Tazama zenye -a mwishoni: sreda, pyatnitsa na subbota hugeuka kuwa -u. Vtornik hupewa vo kwa sababu v mbili zikifuatana na t hazitamkiki. Wiki haipewi v, hupewa na: na etoy nedele (на этой неделе), wiki hii, na proshloy nedele, wiki iliyopita, na sleduyushchey nedele, wiki ijayo. Anayesema v etoy nedele anaeleweka, lakini anajitangaza mgeni katika neno la kwanza.

Halafu v inarudi pale ambapo hukuitarajia. Ukitaja ni mara ngapi kwa wiki, Kirusi husema raz v nedelyu (раз в неделю), mara moja kwa wiki, dva raza v nedelyu, mara mbili. Kwa hiyo na ni ya kusema lini, v ni ya kipimo. Kwenye karatasi ya dawa utaona v nedelyu, si na nedele. Papo hapo angalia maandishi mengine ya dawa, cherez den (через день). Neno kwa neno ni kama “baada ya siku”, na mtu akaimeza kesho yake na kila kesho. Kwenye dawa maana yake ni siku moja unakunywa, siku moja unaacha. Lakini cherez nedelyu (через неделю) katika mazungumzo ni baada ya wiki moja tangu leo. Kihusishi ni kilekile, mazoea ni mawili, na duka la dawa ndipo pa kuuliza bila haya.

Mtego mkubwa kuliko yote unatokana na “kwa wiki moja”. Kiswahili kinasema: nilikisoma kitabu kwa wiki moja, nilikimaliza kwa wiki moja, nimekiazima kwa wiki moja. Kirusi kinazitenganisha zote tatu:

Я читал книгу неделю. Hakuna kihusishi. Nilikuwa nasoma muda wa wiki nzima, na huenda sikumaliza.

Я прочитал книгу за неделю. Za inaonyesha kazi imekamilika ndani ya muda huo, ndiyo maana kitenzi kimebadilika kuwa прочитал.

Я взял книгу на неделю. Na hapa inapanga muda unaokuja baada ya tendo: nimekichukua, nitakuwa nacho wiki moja.

Ukikosea kati ya “za” na “na” katika ofisi, maana inapinduka. Umeomba cheti kiandaliwe za nedelyu, yaani kikamilike ndani ya wiki. Ukisema na nedelyu, karani anaelewa unakihitaji kwa wiki moja kisha ukirudishe, akakutazama. Na za ina sura ya pili: za nedelyu do ekzamena ni wiki moja kabla ya mtihani. Kinachotofautisha ni do, kabla ya, linalofuata. Bila do ni muda wa kukamilisha, pakiwa na do ni umbali kutoka kwenye tukio.

Kurudiarudia kunataka po na wingi: po ponedelnikam, kila Jumatatu, po vtornikam, po chetvergam, po pyatnitsam. Kwa sreda wasomi wa kale walidai mkazo uangukie mwishoni, po sredám. Wengi leo husema po srédam, na zote mbili zinakubalika. Lakini chunga neno hilihili katika umoja, maana sreda pia ni mazingira. V srédu, mkazo mwanzoni, ni siku ya Jumatano. Okruzhayushchuyu sredú, mkazo mwishoni, ni mazingira yanayotuzunguka. Anayesomea mambo ya mazingira atatamka maneno haya kila siku ya maisha yake huko, basi ni bora ayatenganishe tangu wiki ya kwanza.

Hesabu ya wiki ina sura tatu. Moja ni nedelya. Mbili, tatu na nne ni nedeli (недели). Tano hadi ishirini ni nedel (недель). Ishirini na moja inarudi nedelya, ishirini na mbili nedeli, ishirini na tano nedel. Wiki moja na nusu ni poltory nedeli. Kanuni ni rahisi kuikariri, ugumu uko mdomoni. Nedel huishia kwa l laini isiyo na irabu, na ulimi wa Kiswahili haupendi kuacha konsonanti peke yake mlangoni. Bila kujua, msemaji huongeza i, na pyat nedel inakuwa pyat nedeli. Mrusi haisikii kama lafudhi, anaisikia kama kosa la sarufi, kwa sababu nedeli ni neno halisi lenye kazi nyingine. Zoezi linalosaidia ni kutamka lya ya nedelya polepole, kisha kuikata a kabla haijatoka, ncha ya ulimi ikibaki imebanwa nyuma ya meno ya juu na mgongo wake umeinuka. Rudia kwa tano, sita, saba, nane, hadi kumi. Matamshi ya mengine si mazito: e ya kwanza ya nedelya haina mkazo, kwa hiyo husikika karibu na i, g ya chetverg mwishoni husikika k, b mbili za subbota hutamkwa moja, lakini huandikwa mbili.

Kauli na nedele bila sifa yoyote ina maana yake ya pekee. Mtu akikwambia atakupigia simu na nedele, anakusudia siku yoyote ya kazi, hajataja ipi, na Jumamosi au Jumapili hazimo. Ni kama nedelya hapa imegeuka kinyume cha asili yake: siku ya kutofanya kazi imekuwa siku za kazi. Usiichukue kama ahadi ya tarehe. Kuna pia понедельно, ambayo wanafunzi huisoma haraka wakaona Jumatatu. Maana yake ni wiki kwa wiki, kama malipo yanayotolewa kila wiki. Jarida la kila wiki, na pia daftari la kupangia siku, ni еженедельник.

Mipaka ya muda nayo ina pesa ndani. S ponedelnika po sredu (с понедельника по среду) inaijumlisha Jumatano. Do sredy (до среды) ina utata: wengine huelewa hadi Jumanne jioni, wengine huijumlisha Jumatano. Mikataba hufunga utata huo kwa neno включительно, pamoja na siku hiyo. Lisipokuwepo kwenye tangazo la kulipa ada, lipa siku moja kabla. K srede ni kufikia Jumatano kazi iwe imeisha. Na palipoandikwa рабочих дней, siku za kazi, usihesabu Jumamosi na Jumapili wala sikukuu. Siku tatu za kazi zinazoanza kuhesabiwa kesho yake, kwa barua iliyopokewa Ijumaa, zinaisha Jumatano. Kalendarnyh dney, siku za kalenda, zinaisha Jumatatu.

“Ijumaa ijayo” huleta ugomvi kwa Kirusi kama inavyoleta kwetu. V sleduyushchuyu pyatnitsu ikisemwa Jumatatu, nusu ya watu wataelewa keshokutwa ya keshokutwa, nusu wataelewa ya wiki inayofuata. Yenye nafuu ni v blizhayshuyu pyatnitsu, Ijumaa iliyo karibu, na yenye usalama ni kuuliza kakogo chisla (какого числа), tarehe ngapi. Jibu litakuja katika umilikishi, dvenadtsatogo, tarehe kumi na mbili. Na ikiwa mazungumzo yanafanyika Jumapili, kumbuka kwamba Jumapili ni mkia wa wiki kwao. Na sleduyushchey nedele ikisemwa Jumapili mchana inaanza kesho asubuhi.

Kuna kipindi ambapo haya yote yalivunjwa kwa amri. Mwaka 1929 serikali ya Kisovyeti ilianzisha nepreryvka (непрерывка), uzalishaji usiosimama. Wiki ikawa ya siku tano, na wafanyakazi wakagawanywa makundi matano, kila kundi na rangi yake kwenye kalenda: njano, waridi, nyekundu, zambarau, kijani. Siku yoyote ile sehemu moja kati ya tano ilipumzika na nne zilikuwa kazini. Mashine zisisimame, na Jumapili ipoteze uzito wake wa kanisani. Mwaka ulikuwa na wiki 72 za namna hiyo, jumla siku 360, na sikukuu 5 nje ya hesabu. Kilichoharibika kilionekana haraka. Mume wa njano na mke wa kijani hawakupumzika pamoja kamwe. Mashine isiyosimama haikupata siku ya matengenezo, na kwa kuwa watu walipishana juu yake, aliyeiharibu hakujulikana.

Tarehe 1 Desemba 1931 mpango ukabadilishwa: wiki ya siku sita, wote wakipumzika pamoja tarehe 6, 12, 18, 24 na 30. Februari, isiyo na 30, ilikopeshwa tarehe 1 Machi. Tarehe 31 ilining’inia tu, nje ya mpangilio. Anayesoma hati za miaka hiyo atakuta “siku ya tatu ya shestidnevka” (шестидневка), na asijaribu kuifanya Jumatano: siku ya tatu ni tarehe 3, 9, 15, 21 au 27, iwe ni Jumatano au la. Vijijini watu waliendelea na Jumapili yao. Amri ya tarehe 26 Juni 1940 ilirudisha wiki ya siku saba, amri hiyohiyo iliyoongeza saa za kazi na kumzuia mfanyakazi kuacha kazi kwa hiari yake. Siku mbili za mapumziko, Jumamosi na Jumapili, zilikuja kwa uamuzi wa Machi 1967. Serikali iliyoukana ufufuko hadharani iliendelea kuiita siku ya mapumziko Ufufuko, na jaribio la kuhesabu siku kwa namba tupu halikuacha jina hata moja katika wiki ya leo.

Misemo si mingi. Sem pyatnits na nedele (семь пятниц на неделе), Ijumaa saba katika wiki, husemwa juu ya mtu asiye na msimamo, leo hivi kesho vile, ambaye sisi tungemwita kigeugeu. Bez godu nedelya (без году неделя), wiki kasoro mwaka, ni juu ya mgeni wa juzi anayejifanya mwenyeji, na Mrusi akikutamkia hivyo hakusifu. Posle dozhdichka v chetverg, baada ya kimvua cha Alhamisi, ni siku isiyofika.

Imebaki kusoma wiki iliyoandikwa. Vifupisho ni пн, вт, ср, чт, пт, сб, вс. Kwenye mlango wa duka, пн–пт 9:00–18:00 ni Jumatatu hadi Ijumaa, saa tatu asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni; mwenye saa za Kiswahili aikamilishe tafsiri ya saa papo hapo, kwa sababu kosa la saa sita juu ya kosa la siku mbili halina dawa. Выходной ni siku ya kufunga. Без выходных ni kila siku bila kufunga. Обед yenye saa mbele yake ni muda wa chakula cha mchana, na mlango utakuwa umefungwa kweli. Kalenda huanza na Jumatatu, Jumapili iko mwisho kwa wino mwekundu, na baadhi ya kalenda za Kirusi hupanga siku kutoka juu kwenda chini, kila wiki ikiwa safu wima. Aliyezoea kusoma kushoto kwenda kulia ataruka siku saba kwa kila hatua asitambue.

Ratiba ya chuo ina kitu ambacho hakimo kwenye vitabu vya lugha. Wiki hugawanywa kwa kupokezana: chislitel (числитель) na znamenatel (знаменатель), maneno ya hesabu ya sehemu, cha juu na cha chini. Vyuo vingine huziita верхняя na нижняя, ya juu na ya chini, au нечётная na чётная, witiri na shufwa. Kisanduku kimoja cha ratiba hukatwa kwa mstari: kipindi cha juu ya mstari ni cha wiki ya chislitel, cha chini ni cha znamenatel. Kisanduku kisicho na mstari ni kipindi cha kila wiki. Upande mmoja ukiwa mtupu, wiki hiyo hakuna kipindi saa hiyo, na usiende. Kipindi chenyewe huitwa para (пара), jozi ya saa mbili za masomo za dakika 45, jumla dakika 90. Wiki ipi ni ya kwanza ni uamuzi wa chuo. Kwa kawaida wiki yenye tarehe 1 Septemba huwa chislitel, lakini tarehe hiyo ikiangukia Ijumaa au Jumamosi, vyuo vingine huihesabu wiki hiyo fupi na vingine huanza Jumatatu inayofuata. Muulize starosta (староста), kiongozi wa kundi, siku ya kwanza: какая сейчас неделя, sasa ni wiki ipi? Atakujibu kwa neno moja, nawe uandike jibu hilo juu ya wiki zote za muhula kwa kupokezana, ukiziruka zile za likizo ikiwa chuo nacho huziruka.